Mlima Katikati ya Reli

Jirani yetu alistaafu kazi ya reli, akaanza kuijenga reli yenyewe upya sebuleni, ndogo kama ya watoto, ingawa ukiiita hivyo hukasirika. Anaijenga kipande kimoja kimoja juu ya plaiwudi, kisha anaviunga vipande hivyo kwa nati. Milima ya Uluguru ni magazeti yaliyolowekwa kwenye uji wa muhogo, na majani ni vumbi la mbao lililotiwa rangi ya kijani. Gundi humkaukia vidoleni, naye huibandua kwa meno huku akisikiliza taarifa ya habari. Kila anapobandika mti huuambia, "Tulia hapo," kisha husubiri, kana kwamba mti unaweza kubisha.

Mlima ulipokamilika, mkewe Paskalia, ambaye miguu yake haimruhusu tena kupanda kwao milimani, aliutazama kwa muda mrefu kutoka kitini. "Baba Editha, kwetu umepaweka wapi?" "Kwenu ni nyuma ya mlima," alisema mumewe. "Ukiwa kwenye reli hapaonekani." "Haya," alisema Paskalia, akaendelea kuchambua mchicha.

Kesho yake nilimkuta jirani ameukata mlima wote kwa msumeno. Alikuwa ameugeuza, kijiji cha kwao Paskalia kikamtazama, pamoja na kanisa, matuta ya kabichi na nyumba yenye mlango wa bluu. Mlima ulikuwa umekalia reli.

"Shikamoo mzee. Sasa treni itapita wapi?"

"Marahaba. Itasubiri."

"Mlango wetu ulikuwa wa kijani," alisema Paskalia.

Jirani akachukua kopo la rangi ya kijani, akaenda kuosha brashi.