Fundi Pima na Karatasi ya Mantiki

Mtaa mzima ulimwita Fundi Pima, na jina hilo alijitakia mwenyewe. Mwambie umeme umezimwa, atakuuliza, "Umepima?" Mwambie waya huu haupitishi kitu, atachomoa mfukoni testa, bisibisi yake ya kupimia umeme, na kuugusa, hata kama umeukata mbele ya macho yake. Mafundi wenzake walimcheka kwa hilo, na kazi za hatari wakamwachia yeye.

Tusimlaumu bure. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ujanani aliambiwa na msimamizi kwamba swichi kuu imezimwa, naye akaamini, akashika waya. Swichi ilikuwa imezimwa kweli. Kumbe kuna mjanja alikuwa amevuta umeme wa wizi kutoka nyumba ya jirani. Vidole viwili vya mkono wake wa kushoto havikunjiki mpaka leo.

Binti yake wa pekee alitaka uuguzi, tena alikuwa akiutaka tangu akiwa mdogo, akiwafunga bendeji kuku wa watu. Kuingia chuoni kulihitaji mtihani wenye karatasi tatu: hesabu, lugha na mantiki. Hesabu na lugha baba hakuzigusa. Lakini aliposikia kwamba mantiki ni kufikiri sawasawa, akavuta kiti. Mkewe alimwambia amwache mtoto asome, kwani mtihani wenyewe yeye kaufanya lini? Fundi Pima akajibu kwamba kufikiri hakuna chuo.

Swali la kwanza la mazoezi, kana kwamba shetani ndiye aliyelitunga, lilisema hivi: swichi kuu ikizimwa, taa zote za nyumba huzimika, swichi kuu imezimwa, je, taa ya jikoni inawaka? Binti akaweka alama kwenye "Hapana" bila kusita. Baba akaweka kikombe chini.

"Umepima?"

Binti akacheka, akasema swali lenyewe limeshatoa habari yote.

"Limetoa nani? Karatasi? Karatasi iliingia jikoni lini?" Akamwonyesha vile vidole viwili.

Basi binti akafuta, akaandika "Haiwezi kujulikana." Kuanzia hapo baba hakubanduka. Swali jingine: wagonjwa wote wa wodi wamekunywa dawa, na bibi fulani ni mgonjwa wa wodi hiyo. Je, amekunywa dawa? Nani alimwona akimeza? Haiwezi kujulikana. Juu ya kila ukurasa palikuwa na agizo: chukulia kwamba maelezo yote uliyopewa ni kweli. Fundi Pima alilisoma, akaguna, akamwambia bintiye aliruke, watu hawa wanaanza kwa kumlegeza mtu. Mtoto alipoanza kutilia shaka kila sentensi, baba alitembea mtaani kifua mbele. Mtoto wa nyoka ni nyoka, alijisemea.

Majibu yalipotoka, binti alikuwa amefaulu vizuri sana hesabu na lugha. Mantiki alianguka, na aliyeanguka karatasi moja hakuchukuliwa.

Fundi Pima akavaa shati la harusi za watu, akaenda chuoni kugomba. Mwalimu aliyempokea alikuwa mama mpole, akamsikiliza mpaka akaisha maneno. Kisha akamweleza taratibu kwamba karatasi ile haiulizi mambo ya duniani yakoje. Inauliza tu: ukishakubali hili na hili, nini kinafuata? Wodini, alisema, huyo binti angehitaji sana macho ya baba yake. Lakini wodini hafiki mtu asiyepita kwanza mlangoni. Fundi Pima akaaga kwa upole, akarudi nyumbani, kwa sababu mama yule alisema kweli.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Binti huyu alilisikia la mkuu neno kwa neno, na guu likavunjika vilevile.

Jioni ile baba alimkuta bintiye akianua nguo uani. Akamwambia yote aliyoelezwa, tena akasema kosa ni lake yeye baba. Binti aliendelea kukunja shuka.

"Nilijua, Baba. Hata siku ya mtihani nilijua wanataka nini."

"Sasa kwa nini hukuandika?"

"Niliandika. Halafu nikakufikiria wewe, nikafuta."

Fundi Pima alikaa kwenye ngazi. Aliona aibu, na zaidi ya aibu aliona uchungu, maana mtoto hakukosea kwa ujinga. Alikosea kwa kumheshimu.

Mtihani ulikuwa ukija mara moja kwa mwaka. Msimu uliporudi, baba alinunua karatasi mpya za mazoezi, akalisoma lile agizo la juu mpaka akalikariri, akaziweka mezani, akavuta viti viwili. Binti akamshukuru kwa adabu zote, akazitia karatasi kwenye begi.

"Baba, safari hii naomba nikasomee kwa shangazi."

Akasema sawa, akambebea begi mpaka barabarani. Mwaka ule, ukiacha zile karatasi, huo ndio msaada pekee ambao binti alikubali kutoka kwake.