Maji Ndani ya Mpira

Mpira ule niliutengeneza mimi, kwa mikono yangu miwili, na nasema hivyo mapema ili mtu asije akahangaika kumtafuta mwenye kosa. Vijana wanaokaa barazani kwangu na redio yao hugombana mpaka mishipa ya shingo inawasimama: mwamuzi kala rushwa, kipa kauza mechi, timu ile imechezesha mtu asiyeruhusiwa. Mimi nachambua mboga zangu nawasikiliza. Wanadhani udanganyifu uwanjani umeanza na wao. Nilidanganya kwenye mpira Wajerumani wakiwa bado bomani hapa Songea, na ilibaki kidogo tu ninyongwe.

Kwetu zamani mpira haukuwa mchezo. Ulikuwa utomvu wa mbungo, ule mmea unaotambaa juu ya miti porini. Baba yangu alikuwa akiugema na kuwauzia wafanyabiashara. Alikuwa akichanja shina, akajipaka utomvu mkononi kuanzia kiwiko hadi kiganja, kisha akanyunyizia maji ya chumvi kutoka kwenye kibuyu ili ugande. Ukishaganda aliubandua, akauvuta nyuzi, akazizungusha mpaka zikawa donge. Kazi hiyo alinifundisha mimi badala ya kaka yangu, kwa sababu kaka hakuwa na subira hata ya kusubiri ugali uive.

Kisha vikaja vita vya Maji Maji, watu wakiamini maji ya dawa yatawakinga na risasi. Kama baba alikwenda kupigana au hakwenda, sisi watoto hatukuambiwa. Tulichojua ni kwamba askari walimkuta njiani na kibuyu chake, wakauliza ndani mna nini, akasema maji. Mama alilia wakati wanamchukua, na baba akamwambia anyamaze, atakwenda kuwaeleza kwamba ni chumvi tu, ya kazi. Alinyongwa pamoja na wengine. Sijui kama alipewa hata nafasi ya kufungua kinywa.

Baada ya hapo, na baada ya njaa iliyofuata, neno lenyewe lilitutia hofu. Mbele ya askari hakuna mtu wa kwetu Mfaranyaki aliyesema maji. Mama akinituma kuchota alisema, "Kalete ile ya mtoni." Wageni wakitaka kunywa walionyesha koo kwa kidole. Leo nikiwasimulia watu wanacheka, na mimi nacheka pia, lakini siku zile hatukucheka.

Mchezo uliletwa na mwalimu wa shule ya boma, mtu wa pwani, mwembamba, mwenye filimbi aliyoivaa shingoni hata akienda kula. Alikuja na mpira wa ngozi, mvua za hapa zikauozesha mwaka wa kwanza tu. Alipouliza nani anaweza kutengeneza mwingine, kaka yangu alinyoosha mkono na kunitaja mimi, bila hata kuniuliza. Nikatengeneza. Ndani niliweka maganda makavu ya mahindi ili usiwe mzito, juu nikazungusha nyuzi za mpira mbichi, tabaka juu ya tabaka. Ulidunda vizuri kuliko ule wa ngozi, na nilijivuna, sitaficha.

Kila Jumapili alasiri timu ya Boma ilicheza na timu yetu ya Mfaranyaki. Boma walikuwa askari waliopumzika, wapishi wao na watu wa sokoni. Sisi tulikuwa wakulima na wapagazi. Tulifungwa kila Jumapili. Tulizoea kufungwa nao katika mambo yote, lakini hili lilimkera kaka kuliko yote, kwa sababu hapa angalau walikuwa hawana bunduki.

Siku moja aliniambia, "Mdogo wangu, huwezi kutengeneza mpira utakaonisikiliza mimi peke yangu?"

Ningeweza kukataa. Sikukataa. Nilitengeneza mpira mpya, upande mmoja nikauzungushia nyuzi mara mbili, na juu ya upande huo nikaacha kifundo kidogo kama chunusi. Aliyekijua kifundo alijua mpira utapindia wapi. Tulikuwa wawili tu duniani tuliokijua.

Jumapili iliyofuata tulikuwa sare mpaka jua lilipoanza kushuka. Kaka akapata mpira pembeni, akausimamisha kwa unyayo, akaugeuza taratibu huku akijifanya anafuta jasho, kisha akapiga. Mpira ulielekea wazi kabisa nje ya miti ya goli. Kipa wao, mpishi mmoja mnene, aliushusha mkono na kugeuka kwenda kuufuata. Hapo mpira ukapinda, ukapita nyuma ya mgongo wake, ukaingia.

Nimeona harusi nyingi na ngoma nyingi, lakini sijaona furaha kama ile. Wanawake walipiga vigelegele, wazee walirusha fimbo zao juu. Watu wa Boma nao walikuwa wameshaingia uwanjani.

"Umepinda! Mpira gani unakata kona kama mtu anayekwepa deni?"

"Kipa wako ndiye aliyekata kona, kaenda kuangalia chungu chake!"

"Haulingani huo! Mwalimu, piga filimbi!"

"Apige filimbi ya nini? Mlipotufunga sita mbona hamkuuliza umbo la mpira?"

Mwalimu alipiga filimbi, hakuna aliyemsikiliza. Mchinjaji mmoja wa sokoni, shabiki wa Boma mwenye sauti ya kuita ng'ombe, aliunyakua mpira akasema atauonyesha ulimwengu kilichomo. Akachomoa kisu chake, akaupasua.

Maji yakamrukia miguuni. Yalikuwa machache tu, yasiyojaa kiganja. Akaruka nyuma, na kwa mshtuko, sidhani kama alikusudia, akapiga kelele, "Maji! Wametia maji!"

Waliokuwa wameshikana mashati waliachiana. Hata mchinjaji mwenyewe alijiziba mdomo, maana mjomba wake naye alikuwa amenyongwa. Lakini karani wa akida alikuwepo, kijana wa kofia safi aliyekuwa ameshangilia Boma tangu mwanzo, na yeye hakujiziba.

"Neno limesikika," alisema. "Dawa ya vita imerudi, imetiwa ndani ya mpira. Nani kautengeneza?"

Watu wangu waliangalia chini. Mimi nikasema, "Mimi."

Bwana Mkubwa Mjerumani alikuwa safarini upande wa Madaba, akitarajiwa kurudi kesho yake jioni. Akida aliyetutawala kwa niaba yake, mzee wa Kiislamu kutoka pwani, alisema nije mbele yake uwanjani hapo hapo kesho adhuhuri, na baada ya kunisikiliza ataamua kama neno lile litafika bomani au halitafika. Sote tulijua maana ya kufika bomani.

Mama alikuwa ameshafunga kitenge changu na unga kidogo nilipofika nyumbani. "Nenda Tunduru kwa shangazi yako. Nenda sasa hivi."

"Siendi, mama. Nitawaeleza."

Akakaza fundo la kitenge. "Na baba yako alikwenda kuwaeleza."

Maneno hayo yaliniuma, na bado yananiuma nikiyaandika. Lakini kuna kitu kilikuwa kimeshanikaa kifuani na hakikutaka kutoka. Nikikimbia, chumvi ya baba itabaki kuwa dawa mpaka mwisho wa dunia, na yangu pia. Nilimwambia mama kwamba baba alikuwa na maneno tu mdomoni, mimi nitakwenda na kibuyu, nitaifanya kazi yenyewe mbele ya macho yao. Alikaa chini kizingitini.

Alfajiri nilikwenda porini nikagema utomvu wa kutosha. Kaka alinifuata nyuma akinibembeleza. Alikuwa hana hofu ya kamba kama mimi. Hofu yake ilikuwa nyingine.

"Waonyeshe chumvi, basi. Kifundo usikitaje. Hata na hofu hii, watu wetu hawajalala usiku kucha kwa furaha. Usiwanyang'anye."

Niliendelea kuchanja. Nilikuwa sijui bado kama nitakitaja.

Adhuhuri uwanja ulijaa kuliko siku ya mechi. Boma walikaa upande wao, Mfaranyaki upande wao, kama vile mchezo ungeanza tena. Akida alikaa kwenye kiti chake, karani na askari wa boma wamesimama pembeni. Niliwasalimu shikamoo, nikapiga magoti, nikaweka vibuyu viwili mbele yangu.

Nilijipaka utomvu mkono mzima, kuanzia kiwiko hadi kiganja. Kisha nikainua kibuyu cha pili nikajinyunyizia maji mkononi mbele ya askari wenye bunduki. Nilisikia watu nyuma yangu wakivuta pumzi. Ndivyo walivyofanya watu siku za vita, kujinyunyizia, na kila aliyekuwa pale alilikumbuka jambo hilo. Nikabandua, nikavuta nyuzi, nikazungusha juu ya maganda ya mahindi. Nilifanya hivyo mara nyingi, bila haraka, mpaka nikapata mpira mdogo kama chungwa. Nikamwomba mchinjaji kisu chake. Alinitupia kwa mbali.

Nilipoupasua, maji yalitiririka kwenye kiganja changu.

"Nyuzi mbichi zinayanasa yakiwa ndani, bwana akida," nilisema. "Ni maji ya chumvi. Baba yangu aliyafanyia kazi hii hii. Anayetaka aonje."

Hakuna aliyetaka. Mchinjaji alirudi nyuma hatua mbili. Karani alisema mtu mwenye akili haonji dawa ya watu. Nilikaa pale na kiganja kimenyooka, yakinichuruzika kwenye vidole, nikaona yatakwisha kabla mtu hajasogea. Akida akainuka. Alikuja na kanzu yake ameikusanya kwa mkono mmoja, akainama, akachovya kidole, akasema bismillahi, akalamba.

"Chumvi," alisema.

Nikasikia mama analia kule nyuma. Nilidhani yamekwisha.

"Chumvi haipindishi mpira," karani alisema. "Sote tuliuona ukipinda hewani. Kama si dawa iliyoupindisha, ni nini?"

Akida akanigeukia. Alikuwa mtu wa haki, na swali lilikuwa la haki. Nilimtazama kaka. Alitikisa kichwa polepole: usiseme. Nyuma yake nilikuwa naona watu wetu wote, wazee waliorusha fimbo zao jana, wanawake waliopoteza waume, wamepata ushindi mmoja tu tangu vita, na ushindi huo uko mdomoni mwangu. Niliwahurumia. Nilijihurumia na mimi. Lakini pale lilipobaki swali lisilojibiwa ndipo kamba ingepita, na nilikuwa nimekwisha amua tangu jana kwamba haitapita.

"Nilidanganya," nilisema kwa sauti ya kusikika pande zote mbili. "Upande mmoja niliujaza nyuzi mara mbili. Kuna kifundo juu yake. Ukikielekeza kushoto, unapinda kushoto. Ule uliopasuliwa upo, utazameni."

Mwalimu aliuchukua ule wa jana, akakipapasa kifundo, akauviringisha chini. Hata ukiwa umepasuka ulichechemea upande wake ule ule. Akauviringisha tena, na tena, uso wake ukiwa wa mtu aliyeibiwa kuku.

Kisha mchinjaji akaangua kicheko na kupiga kelele, "Mwizi! Huyu ni mwizi wa mpira!"

Boma yote ikadaka: "Mwizi! Mwizi!" Na watu wangu, badala ya kunitetea, wakadaka pia, kwa hasira kuliko hata Boma. Bibi mmoja wa jirani alinirushia kipande cha muhogo. Mashabiki wa pande mbili ambao jana walitaka kutoana meno walikuwa wanazomea kwa sauti moja. Akida aliinua mkono, akasema goli limefutwa, na kwamba wizi wa mchezoni haumhusu Bwana Mkubwa, ana kazi nyingi.

Nilipita katikati yao kurudi nyumbani wakinizomea mpaka mlangoni. Mama alitembea ubavuni mwangu akiwa amenishika mkono, ule wenye utomvu, akitabasamu kama mwendawazimu.

Kaka hakusema nami mpaka mvua zilizofuata. Siku moja nilikuta shina la mbungo limeegemezwa ukutani, naye amekaa nje ananoa panga bila kuniangalia. "Tengeneza ulionyooka," alisema. Nikatengeneza. Tulifungwa Jumapili nyingi tena, na mbili tatu tulishinda.

Jina lakini halikufutika. Wiki iliyopita mzee mmoja wa rika langu alipita njiani akaita kutoka barabarani, "Mwizi, hujambo?" Mjukuu wangu alizima redio, akasimama kutaka kumfuata amtie adabu. Nikamshika shati, nikamwambia akae. Hajui bado kwamba baba yangu aliulizwa ndani ya kibuyu mna nini, akasema kweli, na hakuna anayeweza kunionyesha alipolala. Mimi waliniita mwizi, na nipo. Nilimwitikia yule mzee kwa sauti yangu yote: "Sijambo!"