Baba Alipomwita Mbweha wa Kenton

Mimi yule mbweha sikumpenda hata chembe. Alinichania mifuko ya taka, akanitawanyia mifupa ya kuku mlangoni, na siku moja akaniibia kandambili niliyoiacha nje nilipokuwa naanika nguo. Kandambili ya Unguja ile, si ya hapa! Tulikuwa tunakaa Kenton, London, nyumba yetu imeshikana ukuta na ya jirani, na nyuma ya bustani zote mbili inapita reli. Mbweha alikuwa akitokea kwenye vichaka vya huko relini.

Kwa jirani, yule hakuwa mwizi. Jirani alikuwa mama wa Kihindi mzaliwa wa Kisumu, mjane, hali nyama wala yai, na kila jioni alimwekea mbweha chapati iliyopakwa samli. Aliniambia kwamba tangu mumewe afariki, huyo ndiye pekee anayekula chakula chake bila kulalamikia chumvi. Tulikuwa tukizungumza juu ya uzio wa mbao, yeye na Kiswahili chake cha Kenya, mimi na changu cha Unguja, kila mmoja akimcheka mwenzake kimoyomoyo.

Mwaka huo baba yangu alikuwa amekuja kukaa nami. Kwetu kusini Unguja alikuwa msasi. Miaka ile ya foleni baada ya Mapinduzi, tulipokuwa tukisimama kutwa kungojea mchele wa mgao na kurudi na vikapu vitupu, yeye ndiye aliyetulisha kwa nyama ya paa. Bunduki hakuwa nayo. Alikuwa na mbwa, wavu na mdomo wake. Alikuwa akijificha upepo ukimpiga usoni, akaibana pua na kulia kama mtoto wa paa aliyenaswa, na mama paa akaja mbio. Ngawa waliokuwa wakitumalizia kuku aliwaita kwa kunyonya mgongo wa mkono wake mpaka utoke mlio wa panya anayeumizwa. Mnyama akishasogea, baba hupiga ukelele mmoja tu, "Huyoooo!" na mbwa wanajua kazi yao.

Baridi ilipoanza kupungua, mbweha akashikwa na ukurutu. Mkia ulibaki kama kamba, macho yakaziba, ngozi ikafanya magamba. Chapati akaziacha. Tulimwona mbali kando ya reli, anajikuna mpaka anaanguka. Jirani alipata dawa ya matone ya kutia kwenye mkate wa jamu, lakini mgonjwa mwenyewe hasogei. Na mwanawe jirani, ambaye mtoto wake ndiyo kwanza anatambaa bustanini, alikwishamwagiza mtu wa bunduki aje Jumamosi. Simlaumu. Ningekuwa na mtoto anayetambaa, ningefanya vilevile.

Jirani akaja kwenye uzio, macho mekundu.

"Mzee, si wewe ulisema unaita wanyama na mdomo? Niitie huyu mbweha. Kijana yangu amesema akikula dawa kabla ya Jumamosi, atamwambia huyo mtu asikuje."

Baba akanigeukia. "Mwanangu, huyu bibi anajua mimi nilikuwa nawaitia nini?"

"Anajua, baba."

"Haya."

Alhamisi, baada ya sala ya alasiri, alitoka na kofia yake ya kiua na koti langu la kazini, lile la wauguzi, maana lake alisema linanuka sabuni. Akarusha unga kidogo kutazama upepo. Tukajibanza nyuma ya pipa la taka, sahani ya mkate ikiwa katikati ya majani, jirani kachungulia kwenye uzio. Baba akaunyonya mkono. Wa kwanza kuja alikuwa paka wa nyumba ya tatu, nikamfukuza kwa kidole. Halafu kichaka kikatikisika, mbweha akatoka, mguu mmoja mmoja, pua chini. Nikajikuta namwombea, mimi niliyekuwa nikimlaani kila asubuhi. Kula! Kula basi, mwanaharamu wee! Pua ilikuwa imekaribia kugusa mkate.

"Huyoooo!"

Ni baba. Mbweha aliruka, akajigonga kwenye uzio, akapotea. Baba alikuwa amesimama wima, mikono mbele, kama aliyeshika kamba za mbwa wake waliokufa zamani. Jirani alijiziba mdomo kwa ncha ya sari yake.

"Baba! Lahaula! Mbwa wako wapi hapa?"

"Limenitoka," alisema. "Limenitoka lenyewe."

Jioni ile hakula. Nilimwekea wali, akaupapasa tu. Alisema mnyama akidanganywa kwa sauti moja haji tena kwa sauti ile. Nikamwambia atumie ile ya mtoto wa paa. Akaniuliza hapa London paa wapi, huyu hajapata kumsikia hata siku moja. Nikapandwa na hasira.

"Kwani mtoto akilia lazima wamjue? Kazini kwangu mtoto mmoja akilia, wodi nzima inageuka, hata wasiozaa!"

Akaivuta sahani. Kisha akaula ule wali.

Ijumaa, tulipomaliza sala ya alfajiri, tulirudi nyuma ya pipa. Safari hii aliibana pua. Ule mlio sikuwa nimeusikia tangu utotoni, na sitaki kusema uongo, nililia. Akalia mara moja, akanyamaza, akalia tena. Mbweha akatokea mbio mbio kwa jinsi alivyoweza. Hapo hapo baba akavua kofia, akaishindilia kinywani, akaing'ata.

Mbweha hakwenda kwenye mkate. Alichungulia chini ya benchi, akazunguka nyuma ya vyungu vya maua, akarudi chini ya benchi. Alikuwa anamtafuta mtoto. Baba alifumba macho. Mwisho, nafikiri kwa uchovu tu, mbweha akaukuta mkate, akala, akalamba sahani, akaondoka polepole kuelekea relini. Yule kijana wa jirani alikuwa dirishani na nguo za kulalia, mwanawe mdogo begani. Alituinulia mkono, kisha nikamwona anachukua simu. Mama yake alikuwa anacheka na kulia, anasema asante, Mzee, asante sana.

Baba alitoa kofia kinywani. Ilikuwa imelowa.

"Nimewaita wangapi mimi, mwanangu," alisema. "Huyu ndiye wa kwanza kurudi kwao."