Mama Povu na Neno la Kuokota

Mke wangu watu walimwita Mama Povu. Alipika sabuni katika chumba cha nyuma tangu binti yetu hana meno mpaka yangu yalipoanza kung'oka.

Chumba kina jiko la kuni, sufuria ya kutosha kuogeshea pacha, na mbao za kumwagia sabuni ikauke. Mafuta, maji, magadi makali. Basi. Kama imeiva, alipima kwa ulimi. Anachota kwa ncha ya mwiko, anapuliza, anagusisha ulimi, anatema dirishani. Ikiuma, haijaiva. Ikinyamaza, imeiva. Mimi nilipasua kuni na kukoroga. Kulamba nilikataa. Nilimwambia, nimekuoa wewe, sikuoa sufuria.

Mtaa wetu uko nyuma ya bandari, na mabaharia walinunua kwetu. Siku moja mpishi wa meli, Mreno, alinyooshea kidole mche wa sabuni akasema, "Sabau."

Mama Povu akaweka mwiko chini. "Umesema?"

"Sabau."

"Na mimi nasema sabuni. Nani kamwibia mwenzake?"

Tangu hapo hakuuza kipande bila kuuliza, kwenu mnaiitaje. Mfaransa akasema savo. Mturuki akasema sabun. Mhindi aliyesimama nyuma yake naye akasema sabun, wakatazamana kama watu waliovaa shati moja harusini. Mgiriki akasema sapuni. Mama Povu alicheka mpaka akashika ukuta.

"Wanadamu hawa! Wanapigania mipaka, wanapigania Mungu, lakini kwenye kwapa wamekubaliana."

Ikamkosesha raha. Alitaka kujua nani alianza. Mpangaji wetu wa chumba cha mbele alikuwa mkalimani wa mahakamani, mtu wa tai hata akienda chooni. Mama Povu alimpelekea mche mzima, maana mkono mtupu haulambwi.

"Sisi neno hili tumelipata kwa Waarabu, mama," mkalimani akasema. "Kwa Waarabu lilifika kutoka huko kwa Warumi wa kale."

"Na Warumi?"

"Inasemekana walilisikia kwa watu wa kaskazini, kwenye baridi. Hao walichanganya mafuta ya mbuzi na majivu."

"Wakaoga."

"Hapana. Wakapaka nywele ziwe nyekundu. Tena Mrumi mmoja aliandika kwamba walioipenda zaidi ni wanaume."

Mama Povu akakaa juu ya gunia. "Mimi naunguza mikono miaka yote hii kwa neno la wanaume wanaojipodoa?"

"Ndivyo ilivyoandikwa, mama. Maana ya kuoga ilikuja baadaye."

"Afadhali ilikuja." Akautazama upara wangu. "Wewe huko ungekufa hujui sabuni ni kitu gani."

Kesho yake akanunua mafuta ya mbuzi. Akapika, akapaka mvi zake, akafunga kitambaa, akakaa juani kama nguo iliyoanikwa. Jioni alifungua. Mvi zilikuwa zile zile, zimeongezewa harufu ya beberu. Mkalimani alipopita na mkoba wake, alimpigia kelele barazani, "Mwambie huyo Mrumi wako aje kuniosha!"

Kifua ndicho kilichomchukua. Alianguka mwiko ukiwa mkononi. Sitasema zaidi.

Matangani walikuja watu nisiowajua. Baharia mmoja mkubwa kama kabati hakujua lugha yetu hata ya kuomba maji. Alinishika mkono akasema, "Sapun." Nikamwambia, "Sabuni." Akalia, nami nikalia. Mkalimani alikuwepo, lakini hakuwa na kazi.

Watu walipotawanyika, binti yangu aliingia chumba cha nyuma. Huyu tunamwita Bosi tangu anatambaa. Sufuria ilikuwa pale pale, sabuni imeganda nusu njia.

"Baba, hii tuimwage. Muuza matairi anakitaka chumba. Wewe utakuja kukaa kwangu."

"Mama yako hakumwaga sufuria hata siku moja."

"Mama alijua kupika. Wewe unajua kuni."

"Niache niimalizie. Ikitoka nzuri, chumba kibaki na mimi nibaki. Ikiharibika, nafunga mzigo."

Akanitazama kama anayemtazama mtoto juu ya paa. "Sawa. Lakini nitaifulia mwenyewe. Usifikiri nitakuhurumia."

Nikaongeza maji, nikawasha moto, nikakoroga mpaka ikalainika. Halafu ikafika ile saa ya kulamba. Nilichota, nikapuliza. Nikagusisha ulimi. Mama yangu! Ilikuwa kama kubusu nyuki. Nikatema dirishani, nikasubiri, nikalamba tena. Bado. Nikalamba tena. Nilikuwa na haraka ya ushindi, nalamba kama paka kwenye bakuli, hata kupuliza nikasahau.

Mwisho ikanyamaza. Nikafurahi, nikamwita Bosi. "Imeiva! Haiumi hata kidogo!"

Nilisema hivyo, lakini maneno yalitoka kama ya mlevi. Bosi alinisogelea. "Toa ulimi."

Nikautoa.

"Baba, huu umeungua. Hata ukilamba pilipili hutasikia. Umejuaje imeiva?"

Sufuria inachemka, na mimi sijui aliyenyamaza ni sabuni au ulimi. Nilianza kuwaza nguo zangu zitaingia sanduku gani.

"Lamba wewe," nikamwambia.

"Mimi? Niliapa tangu utoto sitalamba."

"Basi mwite muuza matairi."

Akanipokonya mwiko, akachota, akapuliza kwa utulivu, akagusisha ulimi, akatema dirishani. Alifanya kama mtu aliyefanya kazi hiyo maisha yake yote. Hakuna aliyewahi kumfundisha. Alikuwa akimtazama mama yake tu, kumbe.

"Inauma," akasema. "Imezidi magadi. Lete mafuta."

Nikaleta. Akamimina kidogo kidogo, mimi nakoroga. Moshi ukatujaa macho, tukapata kisingizio wote wawili. Akalamba tena. Akatafuta kwa ulimi, taratibu.

"Imenyamaza."

Tukaimwaga kwenye mbao. Ilipokauka alifulia shuka, akalitazama juani, hakuona la kusema vibaya. Kwake kukosa la kulaumu ni shida.

"Sasa?" nikamwuliza. "Tulipatana."

"Tulipatana kwamba uipike wewe. Aliyeipika nani?"

Nikakubali. Ukweli haukwepeki. Nikaenda kuvuta sanduku chini ya kitanda.

"Baba, unakwenda wapi?"

"Si kwako?"

"Kwangu ukafanye nini? Chumba ni changu sasa, nimeshamwambia muuza matairi atafute kwingine. Nitakuwa nakuja kila Jumamosi kulamba. Wewe unalala hapa hapa, unapasua kuni. Wewe ni kibarua wangu."

"Na mshahara?"

"Utaoga bure."

Jumamosi ya kwanza alifika kabla sijanywa chai, akanikuta nimekaa.

"Baba! Moto haujiwashi."