Njombe hadi Guangzhou Kufuata Sensa ya Usukani

Safari hii niliondoka Njombe nikiwa na sababu mbili. Ya kwanza ni ile ya kila mara: baridi ya kwetu haina utani, na wateja wangu walikuwa wameanza kuulizia makoti ya watoto na buti za akina mama. Ya pili ilikuwa ndani ya soksi, kwenye begi langu la mkononi. Ni kiduara cheusi cha plastiki, chepesi, chenye tundu kubwa katikati na mahali pa kuchomeka plagi. Hiyo ndiyo sensa ya usukani ya gari letu. Kazi yake ni kuiambia kompyuta ya gari kwamba dereva amezungusha usukani kiasi gani. Yetu ilikuwa imekufa, na tangu ife, taa ya njano haikuzimika tena kwenye dashibodi na usukani ukawa mzito kama kusukuma kabati lenye nguo.

Mume wangu, Baba Tumaini, anaotesha miche ya parachichi na kuipeleka mwenyewe kwa wakulima. Mwaka juzi alianguka kutoka juu ya paa la kitalu, bega la kushoto likateguka, na halijarudi kuwa kama zamani. Usukani mwepesi aliumudu. Huu mzito ulimshinda. Fundi alimfungia sensa iliyokwisha kutumika, nayo ikafa kabla hatujaizoea. Basi gari likafunikwa turubai uani, wakulima wakawa wanaifuata miche wenyewe, wengine wakaacha kuja, na mume wangu akahamia kibarazani. Kukaa kwenyewe hakukunitisha. Kilichonitisha ni kwamba alikuwa anaanza kuzoea kukaa.

Mzee Mgaya, jirani yetu wa ng'ambo ya bonde, akasikia. Akataka kulinunua gari vilevile lilivyo. Wakakubaliana aje kulichukua Jumamosi baada ya mimi kurudi.

"Ukiipata sensa mpya, sawa," mume wangu aliniambia siku ya kuondoka. "Usipoipata, Mgaya achukue, tupumzike."

Alisema hivyo huku akiangalia pembeni. Nikajua safari hii makoti si ndiyo kazi kubwa.

Dar es Salaam, uwanja wa ndege. Askari wa ukaguzi aliivuta soksi, akaifungua kwa vidole viwili.

"Mama, hii nini?"

"Sensa ya usukani."

"Na gari?"

"Limebaki Njombe, baba. Halikupata viza."

Alijizuia asicheke, akashindwa, akanirudishia soksi yangu. Nikapanda ndege nikiwa na moyo mweupe.

Guangzhou, asubuhi ya kwanza. Ukishuka kwenye treni ya chini ya ardhi karibu na stesheni kuu, barabara ya Zhanxi inakupokea kwa mikokoteni. Ukisimama kushangaa, unakanyagwa. Mimi sishangai tena, nimeshakwenda mara nyingi, lakini kila mara naifurahia: maduka ya viatu ghorofa juu ya ghorofa, watu wanapiga kelele, vikokotoo vinapita mkono kwa mkono, na harufu ya ngozi mpya na gundi. Nilimaliza buti siku hiyo. Makoti niliyapata kesho yake barabara ya Zhanqian, mazito, yenye kofia, rangi zisizoshika uchafu, kama mama wa Njombe anavyotaka.

Siku iliyofuata nilikwenda mtaa wa spea za magari. Huko sikuwa na mazoea nako. Maduka yamepangana kama vibanda vya nyanya, ila kila kibanda kina kitu chake: huyu taa tu, yule breki tu, huyu vioo vya pembeni. Niliingia duka moja baada ya jingine nikinyoosha soksi yangu, mpaka nikaelekezwa kwa mama mmoja mnene mwenye miwani kichwani.

"Laoban, hii ipo?" nikamuuliza. Laoban ni bosi. Huko kila mwenye duka ni bosi, na ukimwita hivyo anakusikiliza.

Akaitazama. Akaandika kwenye simu yake inayotafsiri: unataka ngapi?

Nikainua kidole kimoja.

"Meiyou," akasema, yaani hakuna. Na nyuma yake maboksi yamepangwa mpaka darini.

Mgeni angekasirika. Mimi hiyo "hakuna" naijua, maana hata mimi huisema dukani kwangu mtu anapotaka nimvunjie dazeni apate soksi pea moja. Ni "hakuna" ya mtu anayeuza kwa jumla. Dawa yake si kelele. Nikavuta kigoda nikakaa. Nikamfungulia picha kwenye simu: gari chini ya turubai, na mume wangu kasimama kando, mkono wa kushoto kaukumbatia kwa ule wa kulia. Nikagusa bega langu, nikakunja uso, nikafanya kama nazungusha usukani ukanishinda.

Yule mama alishusha miwani. Akaichukua sensa ya zamani, akalinganisha namba zake na za kwenye boksi chini ya taa, akahesabu hata sindano za plagi. Nikalipa, kisha akanifundisha kwa mikono. Mpya ina kipini chekundu kinachoizuia isizunguke, ili ibaki katikati. Kipini kisitolewe mpaka sensa ifungwe mahali pake, na magurudumu yawe yamenyooka. Akaigusa ile picha pale penye bega la mume wangu, akatingisha kichwa taratibu. Hatukuwa na lugha moja, lakini nilitoka pale nikiwa nimepata rafiki.

Alasiri hiyohiyo nilikwenda kufunga mzigo Xiaobei, kwenye jengo la Tianxiu. Wakala wangu ni Suleiman, mtu wa Unguja, mstaarabu, hasemi sana. Stoo kwake tunakaa chini wafanyabiashara wa kila kabila, kila mtu na mzigo wake. Na sisi wa viatu tuna sheria yetu: kiatu hakisafiri kitupu. Ndani ya buti unasokomeza soksi, mitandio, chupi za watoto, chochote. Nafasi tupu kwenye kontena ni hewa unayoilipia. Mikono inafanya yenyewe huku mdomo unapiga soga. Nilisokomeza mpaka jioni, marobota yakashonwa, yakaandikwa jina langu kwa wino mweusi, nami nikaenda kula wali na samaki nikijisifu.

Nilipokuwa hotelini napanga begi la mkononi ndipo nikakuta soksi yenye sensa ya zamani. Mpya haikuwepo. Nilitafuta chini ya kitanda, nikatafuta hata kwenye kopo la chai. Halafu nikaiona mikono yangu mwenyewe akilini, ikichukua kile kijiboksi na kukisokomeza ndani ya buti. Mazoea yana taabu. Kitu kimoja kilichotakiwa kupanda ndege nilikuwa nimekipeleka melini, na meli si ya kufika kabla ya Jumamosi ya Mzee Mgaya. Duka la spea nalo lingefunguliwa wakati mimi niko njiani kwenda uwanja wa ndege. Nililala nikiwa na hofu.

Asubuhi nilifika Tianxiu kabla Suleiman hajafungua.

"Mama Tumaini," akasema nilipomaliza kueleza, "robota likishashonwa hapa si lako tena, ni la meli. Uzito umeshaandikwa. Nikikukatia wewe, na wengine watataka niwakatie. Na lori laja saa tatu asubuhi hii."

"Kaka Suleiman, najua."

"Tena hujui liko robota gani."

"Sijui, ila ni la buti."

Akatikisa kichwa. Nikamwambia lililokuwa moyoni. "Mume wangu anazoea kukaa, kaka. Gari likiondoka, hainuki tena."

Suleiman aliparuza wino uliokauka kidoleni. "Babangu mie na yeye alizoea hivyo hivyo," akasema. Kisha akageuka akatafuta mkasi.

Tulikata robota la kwanza la buti. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, na sisi tuliinama: tunatoa buti, tunaingiza mkono, tunavuta soksi, tunarudisha. Mama mmoja Mkongo aliyekuja na mzigo wake alituuliza, "Maman, tunatafuta nini?" nikamwambia, naye akavua bangili akaingiza mkono bila kuuliza la pili. Hamna. Tukakata la pili. Suleiman ndiye aliyeshika, kwenye buti nyekundu ya kike, namba kubwa. Boksi lilikuwa limebonyea pembeni, lakini ile ngozi ngumu ya buti ilikuwa imelikinga. Kipini chekundu kilikuwa mahali pake.

"Chukua," akasema. "Na sindano ile pale. Umefumua wewe, utashona wewe."

Nilishona. Akasema mishono yangu ni ya mtu anayeshona gunia la viazi, na alisema kweli. Lori lilipofika tulikuwa tumekwisha, na mimi nikaenda uwanjani na sensa yangu ndani ya blauzi, karibu na moyo, mahali ambapo mikono yangu haina mazoea ya kupakia.

Njombe nilifika Ijumaa mchana, ukungu umeshuka mpaka barabarani. Gari lilikuwa limeoshwa. Makreti ya miche yalikuwa yametolewa garini na kupangwa ukutani, gari liwe tayari kwa Mgaya. Niliweka sensa mezani pale kibarazani, mbele ya mume wangu. Aliitazama, akasema "Pole na safari," akaendelea kunywa uji.

Nilikasirika, nasema kweli. Nimevuka bahari, nimefumua marobota, naambiwa pole na safari. Fundi alikuwa Makambako mpaka wiki ijayo. Nikatoka uani, nikafungua boneti, nikashika spana na kuanza kulegeza waya wa betri.

"Anza na hasi, Mama Tumaini," sauti ikatoka kibarazani.

Nikaisogeza spana, lakini kwenye waya ule ule.

"Huo ni chanya. Hasi, weusi. Utaunguza."

Nikajifanya sisikii. Nikasikia kigoda kinakwaruza sakafu.

Alikuja na ile sensa, akanipokonya spana. Waya ulipotoka alinizuia nisiguse usukani kwanza, tukasubiri umeme uishe kwenye ile eabegi, mfuko wa hewa ulio katikati yake, usije ukatupasukia usoni. Akanyoosha magurudumu. Tukatoa eabegi, akachora alama kwa chaki ili usukani urudi ulivyokuwa. Nati ilikuwa imeng'ang'ania. Nilishika usukani kwa mikono yote, yeye akavuta spana kwa mkono wa kulia, mpaka ikaachia. Nyuma ya usukani ndipo ilipokaa ile sensa mbovu aliyoifunga fundi. Tukaichomoa, tukafunga mpya, akavuta kipini chekundu kwa meno.

Tulirudisha kila kitu, akawasha. Taa ya njano ikabaki inawaka. Hatukutazamana. Akazungusha usukani wote kushoto mpaka mwisho, wote kulia mpaka mwisho, akaurudisha katikati, akazima. Alipowasha tena, taa ilionekana kidogo kisha ikatoweka. Akauzungusha tena, safari hii kwa mkono wa kushoto peke yake, pole pole.

"Umekuwa mwepesi," akasema.

Nilifurahi mpaka nikaenda jikoni kutafuta cha kufanya.

Nimejifunza kutosokomeza kilicho mkononi kabla sijakitazama, hilo ni la biashara. La nyumbani ni kubwa zaidi. Nilidhani nimefuata kifaa. Kifaa nilikipata, lakini kingekaa pale mezani mpaka leo kama nisingeshika spana vibaya. Mtu aliyekaa haamshwi kwa kuletewa kitu. Anaamshwa na kazi inayoharibika mbele ya macho yake.

Jumamosi asubuhi Mzee Mgaya alikuja, amevaa koti la kanisani. "Kamwene," akasalimia, tukamwitikia. Mume wangu akamweleza hali ilivyo, akamwomba radhi kwa kumsumbua. Mzee hakukasirika. Alikunywa chai, akasifu buti nilizovaa, akasema heri yake mwenye gari. Lakini alipoaga hakunyanyuka. Alitazama bonde, akatazama viatu vyake.

Tukaelewa. Alikuwa ameshuka bonde lote na kulipanda kwa miguu, akijua kwamba kurudi atarudi na gari.

Baba Tumaini alichukua funguo mezani.

"Panda mzee," akamwambia, "nikupeleke."