Mkono wa Baba ulikuwa unamsalimia nani?

Mkono wa kulia wa Baba umenyanyuka leo, na badala ya kufurahi nimeogopa.

Tangu apate kiharusi, mkono huo umelala tu mapajani.

Leo hospitali, kwenye chumba cha mazoezi, tumewekewa gemu. Unakaa mbele ya tivii, kamera inakuona, kikatuni kinakuiga. Maputo yanapita, unainua mkono kuyapasua.

Maputo yakapita yote. Baba hata hakuyaangalia.

Halafu mkono ukanyanyuka taratibu, ukasimama hewani usawa wa kifua chake, kiganja kikiangalia chini. Ukatulia hapo.

Dada wa mazoezi akapiga makofi. "Safi sana, mzee. Sasa juu kidogo."

Mimi sikupiga, maana ule mkono naujua. Kwetu Waarusha mtoto hampi mzee mkono. Anainamisha kichwa, mzee anaweka kiganja juu yake.

Nikauliza, "Baba, unamsalimia nani?"

"Huyu mtoto. Ameinamisha kichwa, ningemwachaje?"

Jamani, chumbani tulikuwa watatu, watu wazima watupu.

Tumefika nyumbani Ngaramtoni mchana huu huu, jua kali. Mkono umelala tena, hata kidole hakichezi. Nikamwingiza Baba ndani, nikamkalisha, nikageuka nifunge mlango.

"Usifunge kwanza," akasema. "Yule mtoto bado hajaingia."

Naandika hapa mlango uko wazi.

Nyie mngefunga?