Brashi Ambayo Mtoto Anaiweza Peke Yake

Mjukuu wangu ana nywele laini kama ndevu za mahindi mabichi, na mimi sioni haya kusema zimetoka kwangu. Hapa Koboko watu wameshaniuliza kama kwetu kuna damu ya Mwarabu. Nawajibu kuna damu ya mama yangu, inatosha.

Lakini nywele za namna hiyo ni nzuri kutazama, kuzisuka ni adhabu. Zinateleza. Sisi ambao babu zetu walikuja na jeshi kutoka Sudan tuna msuko wetu, mistari myembamba kama uzi, inaanzia juu ya kipaji cha uso na kushuka mpaka shingoni. Mama yangu alinisuka hivyo, mimi nikamsuka binti yangu, nikasuka na nusu ya mtaa. Kichwa cha huyu mtoto ndicho kilinitoa jasho. Ukilegeza, asubuhi msuko umebaki kwenye mto. Ukikaza, ngozi inavutika mpaka nyusi zinapanda.

Mama yake anafanya kazi Kampala, mtoto nimemlea mimi. Kila Alhamisi jioni alikaa chini kwenye mkeka, kichwa katikati ya magoti yangu, bakuli la mafuta ya simsim kando. Alilia na kuongea kwa pamoja. Mwalimu gani ana mkono mwepesi, rafiki gani amemgeuka, kijana gani wa bodaboda amemwita mchumba. Sikuwahi kumchunguza. Nilikuwa nasuka tu, maneno yanatoka yenyewe.

Halafu vidole vyangu vikaanza kuvimba kwenye viungo. Vikishika nywele nyembamba vile, havijui kama vimeshika kitu au havijashika. Nikawa nakaza zaidi ili niwe na hakika. Siku moja mtoto alijitazama kwenye kioo, akajigusa pembeni ya uso.

“Haboba,” aliniambia, ndivyo tunavyoita bibi, “hapa naanza kuwa kama mjomba.”

Mjomba wake ana upara wa kung'aa. Tulicheka mpaka nikashika mbavu. Lakini nilipomgeuza kwenye mwanga niliona ni kweli, nywele za pembeni zimerudi nyuma. Usiku ule nilikata shauri: tutatafuta chombo.

Tulienda Arua, kwa sababu maduka niliyoyajua Koboko yalikuwa na kitana cha chuma tu, kile cha kuweka juu ya sigiri ya makaa. Hicho ni cha nywele ngumu. Kwa nywele zetu kinaacha harufu ya kuku aliyechomwa manyoya. Duka tuliloingia lilikuwa la binti mmoja mwenye kucha ndefu, mali yake inapita mpakani Vurra kutoka Kongo.

“Karibu, Hajati.”

Maka sijafika, lakini mjini mwanamke yeyote mwenye mtandio na mikunjo ni Hajati. Sikumkatalia.

Alitoa pasi ya nywele yenye mabamba mapana. “Hii ndiyo iko moto kabisa. Mabibi harusi wote wanataka hii.”

“Jaribu kwangu,” nikamwambia.

“Kwako, Hajati?”

“Nywele zangu na za mtoto ni moja, zangu ni nyeupe tu. Ukiunguza, unguza za mzee.”

Nikapita nyuma ya pazia, nikavua mtandio. Mjukuu wangu alijificha uso kwa aibu. Pasi ile ilikuwa nzito kama nyundo na ilinuka mara moja. Nikamwambia airudishe kwa mabibi harusi. Akaleta fimbo ya kuzungushia nywele. Zangu zikajifunga huko, akazikomboa kwa kuzivuta, na mimi nikamwita jina ambalo siliandiki hapa. Mwisho alileta brashi ya umeme. Ilikuwa nyepesi. Ina kitufe cha moto mdogo. Ilipita kichwani kama mkono wa mtu anayekupenda, nywele zikalala, hakuna harufu.

Binti akampa mtoto ajaribu mwenyewe. Mkono mmoja tu, mara kichwa kimekwisha.

“Hii,” nilisema. Bado nasikia sauti yangu, ilivyojaa majivuno. “Nataka ile ambayo mtoto anaiweza peke yake.”

Nilichagua vizuri. Hilo sitalirudisha nyuma. Nywele za pembeni ziliota tena, na shuleni walimuuliza saluni gani. Lakini Alhamisi ya kwanza nilitandika mkeka kwa mazoea, nikamimina mafuta, nikangoja. Alipita mlangoni, kichwa kimeshakwisha, simu mkononi. “Umepumzika leo, haboba!” Alisema kwa furaha, na alimaanisha. Nikasema ndiyo. Mafuta niliyarudisha kwenye chupa.

Alhamisi zikapita hivyo. Habari zake nilianza kuzisikia kwa jirani. Nilisikia kwa jirani kwamba anataka kwenda kusoma ukunga. Kwa jirani! Mimi niliyemfundisha kupiga hatua ya kwanza.

Asubuhi ya Idi umeme ulikatika. Alikuja chumbani kwangu na kitana, nywele zimesimama huku na huku, akakaa chini bila kuitwa. Moyo wangu uliruka. Nilisahau hata chai jikoni. Nikachukua nywele za mbele, nikagawa tatu, nikaanza. Zilitoka. Nikaanza tena, zikatoka. Vidole vilikuwa kama vya mtu mwingine.

“Umesahau, haboba?”

“Kichwa hakijasahau. Vidole ndivyo vimekataa.”

Aligeuka akavitazama, kama hajaviona kwa muda mrefu. “Basi niambie, nitasuka mwenyewe. Unaanzaje?”

Nikafungua mdomo. Unachukua tatu, nikasema, ya pembeni inapita chini, halafu unaongeza... unaongeza vipi? Kiasi gani? Unasikia tu. Mama yangu hakunieleza hata siku moja, aliweka vidole vyake juu ya vyangu. Na miaka yote ile mtoto alikuwa hapa, mgongo kwangu, haoni kitu. Sikumgeuza hata mara moja nimwambie shika.

Alijaribu kwenye nyuzi za pembeni ya mtandio wangu. Nikaweka vidole vyangu juu ya vyake, lakini havikuweza kusukuma, vilikaa tu. Alisuka kitu kama kamba ya mbuzi. Akacheka, akakifumua, akajifunga mtandio wake, akanibusu mkono, akaenda kuswali na wenzake.

Nyuzi zile za mtandio wangu bado zimejikunja palipokuwa na mkono wake. Sijazinyoosha.